Mizani hupigwa chapa, programu ya malipo je?

Mwenye duka la jumla pale Kariakoo anapoambiwa na mteja kwamba fedha zimekwisha kutumwa kwa simu, haangalii simu ya mteja; huangalia yake. Ujumbe ukiingia, hutazama mambo matatu kabla ya kumruhusu msukuma mkokoteni apakie. Je, kiasi kilichoingia ndicho walichopatana? Je, fedha zimeingia kwake yeye, au mteja amemtumia ndugu yake na sasa anaonyesha stakabadhi ya kweli isiyomhusu muuzaji? Na je, ujumbe huu ni wa mzigo wa leo, au ni wa mzigo wa juzi ambao ulikwisha kuchukuliwa? Hakuna chuo kilichomfundisha hayo. Alifundishwa na hasara, yake au ya jirani yake.

Maswali hayo matatu ndiyo ambayo baadhi ya programu za kompyuta zilizokuwa zikiendesha maduka ya mtandao huko Marekani zilisahau kuuliza. Nazo hazikuwa programu za uchochoroni. Zilikuwa zikitumiwa na wauzaji wengi, na zilikuwa zimeunganishwa na makampuni makubwa ya malipo yanayojulikana dunia nzima. Habari yenyewe ni ya miaka kadhaa iliyopita, lakini inawahusu wafanyabiashara wa huku ambao sasa wanauza kwa njia ya mtandao, na inawahusu pia wananchi walioweka akiba zao katika hisa za makampuni yanayoendesha fedha za watu kwa programu za namna hiyo.

Mwezi Mei 2011, katika mkutano wa usalama wa kompyuta unaoandaliwa na taasisi ya IEEE, watafiti wanne waliwasilisha kazi yao iliyoeleza jinsi ya kununua vitu mtandaoni bila kulipa. Watafiti hao ni Rui Wang na XiaoFeng Wang wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Shuo Chen na Shaz Qadeer wa Microsoft Research. Hawakuishia kwenye makaratasi. Waliagiza bidhaa kutoka maduka halisi na bidhaa zikawafikia. Walifanya hivyo kwa kufuata ushauri wa mwanasheria, na wahusika wakaarifiwa ili warekebishe.

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi mno. Katika programu ya NopCommerce, ilipounganishwa na PayPal, ujumbe wa kwenda kulipa ulipitia katika kompyuta ya mnunuzi, ukiwa umebeba namba ya oda na jumla ya fedha. Mnunuzi alibadilisha jumla tu. PayPal ikapokea kile kiasi kidogo na kulijibu duka, kwa ukweli kabisa, kwamba oda namba fulani imelipwa. Duka halikuuliza imelipwa kiasi gani.

Ya pili inahitaji kusomwa polepole. Programu hiyo hiyo ilipounganishwa na huduma ya Amazon Simple Pay, ambayo haipo tena, duka lilikuwa makini kuhakikisha kwamba ujumbe wa malipo una saini halali ya Amazon. Saini ilikuwa halali. Lakini watafiti walifungua akaunti yao wenyewe ya muuzaji huko Amazon, wakaelekeza malipo yaende huko, yaani wakajilipa wenyewe, kisha ujumbe wenye saini halali ukapelekwa dukani. Duka likatazama saini, likaridhika, likatoa mzigo. Jina la aliyelipwa lilikuwa limeandikwa mle mle ndani ya ujumbe. Hakuna aliyelisoma.

Katika programu ya Interspire mambo yalikuwa ya namna nyingine. Mnunuzi aliweka oda mbili, moja ya bei ndogo na nyingine ya bei kubwa, akailipia ndogo, na katika hatua ya mwisho ya kuthibitisha akaweka namba ya oda kubwa. Programu hiyo ilipotumia Google Checkout, huduma iliyofungwa mwaka 2013, mnunuzi aliweza kubofya kitufe cha kulipa huku kikapu kikiwa na kitu kimoja, akafungua dirisha la pili na kuendelea kujaza kikapu, kisha akamaliza malipo ya kile kitu kimoja. Oda iliandikwa mwishoni kufuatana na kikapu kilivyokuwa wakati huo.

Jambo la kutilia maanani ni kwamba hakuna nywila iliyoibwa wala kufuli iliyovunjwa. Kampuni ya malipo ilisema kweli na duka lilifanya lilivyoandikiwa kufanya. Mtu akiipima kila programu peke yake ataiona safi. Kasoro ilikuwa katikati, pale ambapo taarifa inatoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, na kila upande unadhani upande wa pili ndio ulioangalia. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupokea kontena bandarini kupitia mawakala watatu anaijua hali hiyo.

Njia 34,650

Wataalamu wa kompyuta huita mpangilio wa namna hii mtiririko wa kazi, na katika huduma za mtandao mtiririko huo hutegemea data. Maana yake ni kwamba hatua inayofuata haiamuliwi na ratiba, bali na kilichoandikwa ndani ya ujumbe: namba ya oda, kiasi, jina la mpokeaji, alama ya ndiyo au hapana. Ujumbe ukibadilika, njia inabadilika. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba hatua zote zipo. Lazima ijulikane kwamba hatua ya tatu inazungumzia fedha zile zile na mzigo ule ule wa hatua ya kwanza.

Mafundi wengi hujibu kwamba programu zao zimejaribiwa. Ni kweli, hujaribiwa. Lakini msomaji na apige hesabu mwenyewe. Chukulia kununua kuna hatua 4 tu: kujaza kikapu, kukubali jumla, kulipa, na duka kupokea uthibitisho. Mnunuzi mmoja akifungua madirisha 3 kwa wakati mmoja, kila moja na hatua zake 4, hatua hizo 12 zinaweza kuchanganyikana kwa njia 34,650 zilizo tofauti. Fundi akijaribu njia moja kila dakika, usiku na mchana bila kulala, atamaliza baada ya siku 24. Na hapo kiasi cha fedha bado hakijabadilishwa hata mara moja, wala mnunuzi wa pili hajaingia dukani, wala mtandao haujakatika katikati ya malipo. Kwa kawaida anayejaribu hupitia njia kumi na tano au ishirini ambazo mteja mwema angepita, kisha programu huzinduliwa kwa keki na hotuba.

Mwizi hapiti njia za mteja mwema.

Ndipo inapoingia kazi ya uhakiki kwa hisabati. Katika kazi hiyo mtaalamu hajaribu programu kwa mifano. Kwanza huandika, kwa lugha ya hisabati isiyo na maana mbili, hali ambayo haitakiwi kutokea kamwe: mzigo usitoke kama hakuna malipo ya oda hiyo, ya kiasi hicho, kwa muuzaji huyo. Baadaye huandika hatua za programu kwa lugha hiyo hiyo. Kisha hutumia kompyuta kupitia hali zote zinazoweza kufikiwa, au kuonyesha kwa hoja za kihisabati kwamba hali ile mbaya haifikiki kwa njia yoyote. Kama inafikika, kompyuta hutoa njia yenyewe, hatua kwa hatua, kama ramani aliyochora mwizi.

Swali la haraka la mtu wa biashara ni hili: viasi vya fedha havina mwisho, namba za oda hazina mwisho, sasa kompyuta itapitia vipi hali zote? Jibu ni kwamba mara nyingi haina haja. Kwa swali la kutoa mzigo, haijalishi kama bei ni shilingi 40,000 au 41,000. Linalojalisha ni kama kilicholipwa ni sawa na bei au si sawa. Vivyo hivyo kwa mpokeaji: ni huyu au si huyu. Mambo yasiyo na mwisho yanageuka kuwa machache yanayohesabika.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambao ni Alin Deutsch, Liying Sui na Victor Vianu, waliliweka jambo hilo sawasawa. Mfano wao ulikuwa duka la mtandao la kuuza kompyuta, na moja ya masharti waliyoyahakiki lilikuwa kwamba bidhaa isisafirishwe kabla ya kulipiwa. Walionyesha kwamba kama kanuni za programu zinagusa data kwa namna yenye mipaka, zikifungamana na kile ambacho mtumiaji ameingiza, basi uhakiki unaweza kufanywa wote na kompyuta na jibu likapatikana. Mipaka hiyo ikivunjwa, hakuna programu yoyote duniani itakayoweza kutoa jibu kwa kila hali, jambo ambalo linarudi nyuma hadi kwa Mwingereza Alan Turing mwaka 1936. Mwaka 2005 walitoa chombo chao walichokiita WAVE, na kwa mifano waliyoijaribu majibu yalipatikana kwa sekunde.

Faida iliyomo humo kwa mwenye fedha ni hii: anayeandika programu ya malipo ana uchaguzi. Anaweza kuiandika kwa namna inayohakikika au kwa namna isiyohakikika, kama vile mtu anavyoweza kuweka hesabu katika daftari lenye mistari au katika vipande vya pakiti za sigara. Kazi ya siku haipungui kwa vyovyote. Tofauti huonekana siku ya mkaguzi.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya maprofesa. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu miaka ya 1990, lakini sasa imepitwa na wakati. Kampuni ya Amazon, katika biashara yake ya kukodisha kompyuta, ilianza mwaka 2011 kutumia TLA+, lugha ya uhakiki iliyobuniwa na Leslie Lamport. Mwaka 2015 wahandisi wake walichapisha maelezo ya matokeo. Katika mfumo wao wa kuhifadhi data uitwao DynamoDB iligunduliwa kasoro ambayo njia yake fupi kabisa ilikuwa na hatua 35. Kasoro hiyo ilikuwa imepita katika macho ya wakaguzi wa programu na katika majaribio yote. Walieleza pia kwamba wahandisi wao, hata wale wa ngazi ya chini, walijifunza lugha hiyo tangu mwanzo na kupata matokeo yenye manufaa kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Amazon si shirika la hisani. Kama kazi hiyo isingelipa, ingeachwa.

Somo la Knight

Mwanahisa mdogo anaweza kusema kwamba hayo ni ya mafundi na wenye maduka. Basi na aitazame kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa moja ya madalali wakubwa wa hisa katika soko la New York.

Asubuhi ya Agosti 1, 2012, Knight iliwasha programu mpya kwa ajili ya utaratibu mpya wa soko hilo ulioanza siku hiyo. Programu ilitakiwa kuwekwa katika seva 8. Iliwekwa katika 7. Katika ile ya nane ilibaki programu ya zamani iliyoitwa Power Peg, ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003 lakini haikuwahi kuiondoa. Lililoleta balaa ni data ndogo sana: alama moja ndani ya oda, ya kuwasha au kuzima. Zamani alama hiyo ilimaanisha tumia Power Peg. Katika programu mpya alama hiyo hiyo ilipewa maana nyingine. Seva saba zikaisoma kwa maana mpya, na moja kwa maana ya zamani.

Kwa kawaida oda kubwa hugawanywa kuwa oda ndogo ndogo, na mashine huhesabu hadi oda kubwa itimie ndipo isimame. Lakini mwaka 2005 mafundi walikuwa wameihamisha sehemu ya kuhesabu kwenda mahali pengine katika mtiririko wa kazi, na hawakurudi kuangalia kama Power Peg bado inajua kusimama. Ilikuwa haijui tena. Kwa hiyo seva ile ya nane ilipopokea oda 212 za wateja ilianza kununua na kuuza bila kikomo. Katika muda wa dakika kama 45 zilifanyika biashara zaidi ya milioni 4, katika hisa za makampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397. Barua pepe 97 za onyo zilikuwa zimetoka katika mashine zenyewe kabla ya soko kufunguliwa, hazikushughulikiwa. Mafundi walipohangaika kutafuta dawa, waliondoa programu mpya katika zile seva saba nzima, nazo zikaanza kufanya kama mgonjwa.

Hasara ilizidi dola milioni 460, kwa mujibu wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, ambayo Oktoba 2013 iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 12. Lakini faini ni kitu kidogo. Hisa ya Knight iliyofunga Julai 31 kwa bei ya juu kidogo ya dola 10, ilifunga Agosti 2 kwa chini ya dola 3. Agosti 6 kundi la wawekezaji lilileta dola milioni 400 za kuiokoa kampuni, kwa masharti yaliyowapa haki ya kupata hisa kwa dola 1.50 kila moja na kumiliki zaidi ya asilimia 70 ya kampuni. Mwanahisa wa zamani, ambaye hakugusa seva yoyote, alibaki na kipande cha asilimia chini ya 30. Mwaka uliofuata kampuni iliunganishwa na nyingine na jina lake la zamani likaisha katika soko.

Je, uhakiki kwa hisabati ungeiokoa Knight? Hapa panahitaji ukweli, kwa sababu wauzaji wa vyombo vya uhakiki nao ni wafanyabiashara. Uhakiki wa mchoro wa programu mpya peke yake usingeona kwamba fundi mmoja amesahau seva moja. Uhakiki huthibitisha kile kilichoandikwa katika mfano, na kama mfano unasema seva zote nane ni sawa, kompyuta itakubali kwamba ni sawa. Lakini sharti la kwamba oda ndogo zisizidi oda kubwa ni la mstari mmoja. Kama lingekuwa limeandikwa na kuhakikiwa kila programu ilipoguswa, lingegoma mwaka ule wa 2005 sehemu ya kuhesabu ilipohamishwa, miaka saba kabla ya hasara, wakati dawa yake ilikuwa kufuta mistari isiyotumika.

Nani alipe?

Huku kwetu fedha kwa njia ya simu si jambo geni. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tangu 2017 Safaricom imefungua mlango wake uitwao Daraja, ambao programu ya duka lolote huweza kuunganishwa nao. Mteja anapobonyeza namba yake ya siri, ujumbe hutumwa kwenye programu ya muuzaji ukiwa na alama ya kufanikiwa au kushindwa, kiasi, namba ya stakabadhi, namba ya simu na namba ya ombi lenyewe. Kila kitu anachohitaji muuzaji kimo. Kazi iliyobaki, ya kulinganisha kiasi na bei, kulinganisha ombi na oda, kukataa stakabadhi iliyokwisha kutumika, na kuhakikisha kwamba ujumbe umetoka kweli kwa kampuni ya simu na si kwa mtu aliyeijua anuani ya kuupokelea, ni ya programu ya muuzaji. Programu hiyo kwa kawaida imeandikwa na kijana mmoja kwa ujira wa mkataba wa wiki mbili. Kijana huyo akisoma ile alama ya kufanikiwa peke yake, programu itafanya kazi vizuri siku ya maonyesho.

Ni kweli kwamba muuzaji wa vitenge hawezi kumwajiri mwanahisabati. Wala hatakiwi. Muuzaji huyo huyo ana mizani dukani, na hakuna anayemtaka aelewe chuma chake kimepikwa vipi. Chini ya Sheria ya Vipimo mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama, na mwenye kutumia mizani isiyohakikiwa huadhibiwa. Serikali iliona kwamba gramu hamsini za sukari ni jambo zito kiasi hicho. Mashine inayotamka kwamba mamilioni yamelipwa huingia sokoni bila ya alama ya mtu yeyote.

Haielekei kuwa busara kuanzisha ofisi nyingine ya kugonga mihuri kwa kila duka la mtandao; foleni yake ingeua biashara kabla ya wezi. Lakini walioko juu ya mnyororo ni wachache na wana uwezo. Kampuni za simu, mabenki, na wale wanaouza programu moja kwa maduka mia, wanaweza kuuhakiki mtiririko wao mara moja na faida ikawafikia wote walio chini. Wanaweza kutoa, pamoja na kifurushi cha kuunganisha, orodha ya masharti yaliyothibitishwa na orodha ya masharti ambayo muuzaji mwenyewe anatakiwa kuyatimiza, kwa Kiswahili chepesi. Kasoro nyingi zilizoonekana Marekani zilizaliwa kwa sababu orodha hiyo ya pili ilikuwa imetawanyika katika mamia ya kurasa za maelekezo ambazo hazisomwi na mtu.

Upande wa masoko ya hisa, waraka wa matarajio hueleza majengo, mikopo na kesi zilizoko mahakamani. Safaricom imeorodheshwa Nairobi tangu 2008 na Vodacom Tanzania imeorodheshwa Dar es Salaam tangu 2017, na wananchi wengi wa kipato cha kawaida wana hisa humo. Mabenki kadhaa yamo pia. Mkaguzi wa hesabu wa makampuni hayo huchukua sampuli ya miamala, na sampuli huonyesha yaliyotokea. Haiwezi kuonyesha yanayoweza kutokea ambayo bado hayajatokea. Mwanahisa anayesimama katika mkutano mkuu na kuuliza juu ya gawio ana haki ile ile ya kuuliza ni masharti gani ya mfumo wa malipo yamethibitishwa, kwa njia ipi, na kama uthibitisho hurudiwa programu inapobadilishwa. Mkurugenzi akijibu kwamba mfumo umejaribiwa vya kutosha, na aulizwe kuhusu hatua 35 za Amazon.

Kwa mwenye duka ambaye hawezi kungoja mikutano, kuna jambo la kufanya na fundi wake kabla ya mwisho wa wiki. Waweke oda mbili, moja ya bei ndogo na moja ya bei kubwa, katika madirisha mawili, walipie ndogo na waone kama kubwa itatoka. Wapeleke ujumbe ule ule wa malipo mara mbili. Walipe pungufu ya bei kwa shilingi mia. Programu ikianguka hapo, haina haja ya mwanahisabati. Ikipita, fundi aandike mahali programu inapolinganisha kiasi, mpokeaji na oda, mstari kwa mstari, na aeleze nini kinatokea ujumbe ukichelewa hadi kesho yake. Malipo yake ya mwisho yangoje karatasi hiyo.